Shinikizo ndani ya fuvu la mtoto aliyeumia vibaya kichwani: hatua kwa hatua, kuanzia mapokezi hadi ICU

Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, au aliyegongwa na bodaboda, akafikishwa mapokezi hajitambui, ubongo wake umeshapata jeraha ambalo hakuna awezaye kulifuta. Linalobaki mikononi mwetu ni jeraha la pili. Hili hutokea katika saa na siku zinazofuata, ubongo unapovimba ndani ya fuvu lisilotanuka, na damu na oksijeni zikapungua. Jeraha hilo linazuilika, na sehemu kubwa ya kulizuia haihitaji mashine ya gharama bali mpangilio na uangalizi wa saa kwa saa.

Mwongozo huu ni wa madaktari, matabibu na wauguzi wanaompokea mtoto huyu, iwe hospitali ya wilaya isiyo na CT skeni au hospitali ya rufaa yenye ICU (chumba cha wagonjwa mahututi). Hoja kuu tuiweke mwanzoni: manitoli na maji ya chumvi kali (dripu zinazovuta maji kutoka ubongoni) hayamwokoi mtoto ambaye hewa haipiti vizuri na presha yake iko chini. Ukiona manitoli inatafutwa stoo wakati presha haijapimwa, ujue mpangilio umeshapinduka.

Ili mahesabu yasibaki hewani, tutakwenda na mtoto mmoja wa mfano: miaka 4, kilo 16. Ukikosa mizani, kwa mtoto wa umri huu jumlisha miaka na 4, kisha zidisha kwa 2. Andika uzito kwa kalamu nene kwenye faili na kwenye plasta kitandani, kwa sababu kila dozi itatoka hapo.

Kinachotokea ndani ya fuvu

Ndani ya fuvu kuna vitu vitatu: ubongo wenyewe, damu, na maji ya ubongo. Kimoja kikiongezeka, vingine lazima vipungue. Mwanzoni mwili unamudu: maji husukumwa kwenda uti wa mgongo, damu ya vena hutoka. Nafasi hiyo ikishakwisha, ongezeko dogo tu hupandisha shinikizo kwa kasi. Ndiyo maana mtoto anaweza kuongea na mama yake saa 4 asubuhi na kufikia saa 5 mboni moja ikawa imepanuka. Hakuzidiwa ghafla. Nafasi ilikuwa ikipungua muda wote huo.

Hesabu ya pili ya kukariri: nguvu inayosukuma damu kuingia ubongoni ni wastani wa presha ya mishipa toa shinikizo la ndani ya fuvu. Wastani wa presha ukiwa 65 na shinikizo la fuvu 20, ubongo unapata 45. Presha ikishuka wastani ukawa 50, ubongo unabaki na 30, ilhali shinikizo la fuvu halijabadilika hata kidogo. Kwa watoto tunalenga 40 hadi 50 mmHg. Wadogo wanakaa karibu na 40. Waliokaribia ujana wanahitaji 50 au zaidi kidogo. Shinikizo lenyewe tunataka liwe chini ya 20 mmHg.

Hatua ya 1: hewa, shingo na kabonidioksaidi

Chukulia kwamba shingo imeumia mpaka ithibitishwe vingine. Fungua njia ya hewa kwa kusukuma taya mbele bila kukunja shingo, nyonya damu na matapishi, na mpe oksijeni nyingi kwa barakoa yenye mfuko. Oksijeni ya damu ikae juu ya 94%. Kushuka chini ya 90%, hata kwa muda mfupi, kunaumiza ubongo huu.

Kipimo cha Glasgow (GCS, alama 3 hadi 15 za kujitambua) kikiwa 8 au chini, mtoto hawezi kulinda njia yake ya hewa na anahitaji mpira wa kupumulia. Kwa mtoto wetu: umri gawa kwa 4, jumlisha 4, unapata mpira namba 5 usio na puto, wenye puto, namba 4.5. Weka mkononi ulio mdogo kwa nusu namba na ulio mkubwa kwa nusu namba. Kina mdomoni ni nusu ya umri jumlisha 12, yaani sentimita 14. Mtu mmoja ashike kichwa na shingo visicheze wakati wote wa kuingiza.

Usimwekee mpira bila dawa ya usingizi kwa kudhani hajitambui. Koo likiguswa, shinikizo hupanda hata kama hakohoi. Ketamini miligramu 1 hadi 2 kwa kilo (16 hadi 32 kwa huyu) ni chaguo zuri, hasa presha ikiwa na mashaka. Ile hofu ya zamani kwamba ketamini hupandisha shinikizo la ubongo haikuthibitika kwa mgonjwa anayepumuliwa vizuri. Fuatisha dawa ya kulegeza misuli, kwa mfano saksametonia miligramu 1 hadi 2 kwa kilo. Kabla ya kuilegeza misuli, hakikisha umeandika kipimo cha Glasgow na hali ya mboni. Dawa ikishaingia, uchunguzi huo hautaupata tena kwa muda.

Sasa kosa linalotokea kila mahali: kupuliza ambu (mfuko wa kupumulisha kwa mkono) kwa pupa. Kabonidioksaidi ikishuka sana, mishipa ya ubongo husinyaa. Shinikizo hushuka kweli, lakini damu nayo hupungua kwenye ubongo ambao tayari una njaa ya oksijeni. Ikipanda, mishipa hutanuka na shinikizo hupaa. Lengo ni 35 hadi 40 mmHg. Kama huna kipimo cha kabonidioksaidi, hesabu kwa saa ya ukutani: pumzi 20 kwa dakika kwa mtoto, 25 kwa aliye chini ya mwaka mmoja, kifua kikiinuka kidogo tu. Na usidanganywe na kipima oksijeni cha kidoleni. Mtoto anayepumua kwa kivivu huku anapewa oksijeni anaweza kuonyesha 99% wakati kabonidioksaidi imejaa na ubongo unavimba.

Mrija wa tumboni upitishie mdomoni, si puani, kama kuna damu au maji yanayotoka puani au masikioni, au macho yamezungukwa na weusi. Hizo ni dalili za kuvunjika sakafu ya fuvu.

Hatua ya 2: presha kabla ya dawa za ubongo

Kiwango cha chini kabisa cha namba ya juu ya presha (sistoli) kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 10 ni 70 jumlisha umri mara mbili. Kwa mtoto wetu ni 78. Lakini hiyo ni sakafu, si lengo. Kawaida ya umri wake ni 90 jumlisha umri mara mbili, yaani 98, na kwa ubongo ulioumia tunataka akae karibu na hapo.

Presha ikiwa chini, mpe normal saline (chumvi 0.9%) mililita 10 kwa kilo (160 kwa huyu) kwa haraka, pima tena, rudia ikibidi. Ikiwa bado inashuka, tafuta damu inakopotelea: kifua, tumbo, nyonga, mapaja. Kwa mtoto mkubwa damu iliyo ndani ya fuvu pekee haielezi mshtuko, kwa hiyo usiridhike na jeraha la kichwa unaloliona. Mtoto mchanga ni tofauti: damu inayokusanyika chini ya ngozi ya kichwa inatosha kumpeleka kwenye mshtuko, kwa sababu damu yake yote ni kama mililita 80 kwa kila kilo. Jeraha la ngozi ya kichwa linalovuja lishonwe mapema. Bandeji inayolowa kila baada ya dakika kumi haijazuia chochote. Agiza damu mapema pia. Maji yakishatosha na presha bado haijatulia, anza adrenalini au noradrenalini kwa mashine ya dripu, mikrogramu 0.05 hadi 0.1 kwa kilo kwa dakika, ukipandisha taratibu.

Dripu ya kuendelea nayo ni normal saline, kwa kiasi cha kawaida cha siku: kwa kilo 16 ni mililita 52 kwa saa. Usimnyime maji kwa kuogopa uvimbe. Kumkausha mtoto hakupunguzi uvimbe wa ubongo, ila presha itashuka. Dekstrosi 5% peke yake ni marufuku hapa. Sukari yake hutumika, yanabaki maji matupu, na maji hayo huingia ubongoni. Mtoto mdogo anayehitaji sukari aongezewe dekstrosi ndani ya normal saline.

Hatua ya 3: kupima na kuandika

Kila saa, na kila dakika 15 katika saa ya kwanza: Glasgow, mboni zote mbili, presha, mapigo, upumuaji, joto. Usiandike tu "GCS 9". Andika macho, sauti na mwendo kila kimoja peke yake, kwa sababu kushuka kwa alama ya mwendo ndiko kunakoonya mapema. Kwa mtoto asiyeongea tumia kipimo cha watoto wachanga, na ukibanwa na muda jiulize tu: yuko macho, anaitika sauti, anaitika maumivu, au haitiki kabisa? Anayeitika maumivu tu ana Glasgow ya karibu 8.

Mboni zipime kwa tochi yenye mwanga mkali, chumba kikiwa na giza kidogo. Andika milimita, na kama inasinyaa haraka, polepole, au haisinyai. "Mboni sawa" haimsaidii anayekuja zamu ya usiku.

Kwa mtoto mchanga, gusa utosi akiwa ameinuliwa kidogo na hajalia. Utosi uliotuna na kukaza ni onyo. Utosi laini hautoshi kukutuliza: shinikizo linaweza kuwa juu hata ukiwa wazi. Kwa wengi utosi hufunga kati ya miezi 12 na 18. Na kwa mchanga ambaye maelezo ya ajali hayalingani na jeraha, mchunguze mwili mzima, mpige picha za mifupa, na ustawi wa jamii wajulishwe. Mtoto aliyetikiswa au kupigwa anaweza kuletwa kwa hadithi ya kuanguka kitandani.

Ukiona presha inapanda huku mapigo yanapungua na upumuaji unakuwa wa kukatakata, shina la ubongo linabanwa. Dalili hizo tatu zikikamilika, umeshachelewa, usizisubiri. Na usimshushe presha mtoto huyu kwa dawa: mwili unaipandisha ili damu iweze kuingia ubongoni.

Hatua ya 4: kitanda, shingo na vitu vidogo vinavyosahaulika

Hapa panapuuzwa kwa kuwa hapana dawa, na ni hapa shinikizo nyingi hushuka bila gharama. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30. Kama mgongo haujathibitishwa salama, usimkunje. Inamisha kitanda kizima miguu ikiwa chini. Pua na kitovu viwe kwenye mstari mmoja. Kichwa kikigeukia upande mmoja, mshipa wa shingo unaorudisha damu kutoka ubongoni hubanwa.

Kisha piga magoti kando ya kitanda uangalie shingo yenyewe. Kola ya kushikilia shingo imekaza? Kidole kipite kati ya kola na ngozi. Kamba iliyofunga mpira wa kupumulia imezungushwa shingoni na kukazwa? Ikate, tumia plasta mashavuni. Mara nyingi mtu anaongeza dozi ya manitoli wakati tatizo ni kamba ya bandeji yenye upana wa sentimita mbili.

Angalia kibofu. Mtoto aliyepewa maji na manitoli bila mrija wa mkojo, kibofu kikijaa, anahangaika na kujikaza, na shinikizo linapanda. Weka mrija wa mkojo. Utakusaidia pia kujua anachokojoa.

Kunyonya makohozi kufanyike inapohitajika tu, si kwa ratiba. Mpe oksijeni kamili kwanza, ongeza dawa ya maumivu, nyonya kwa sekunde zisizozidi 10. Kazi za uuguzi zitenganishwe: usimgeuze, umnyonye na kumsafisha kwa mfululizo mmoja.

Mzazi akae karibu. Sauti ya mama inatuliza. Mweleze kwa lugha nyepesi: "Mama, tumemlaza kwa dawa ili ubongo upumzike. Mshike mkono, ongea naye pole pole, lakini usimtikise wala kumwinua." Mama asiyeambiwa lolote atajaribu kumwamsha mwanawe, na ana haki ya kutaka hivyo.

Hatua ya 5: sukari, joto, degedege, chumvi ya damu

Sukari pima mara tu anapofika, kisha kila baada ya saa 4, na kila saa kwa mchanga. Ikiwa chini, dekstrosi 10% mililita 5 kwa kilo. Joto lisizidi 38: paracetamol miligramu 15 kwa kilo (240 kwa huyu) kila baada ya saa 6, mvue nguo, tumia feni. Homa huongeza mahitaji ya ubongo wakati ugavi umepungua. Kumpoza chini ya kawaida ni jambo jingine: utafiti mkubwa uliochapishwa 2008 na mwingine wa 2013 haukuonyesha faida kwa watoto waliopozwa mapema, kwa hiyo lengo ni joto la kawaida tu.

Degedege humaliza oksijeni ya ubongo na kupandisha shinikizo. Izime kwa diazepam miligramu 0.2 hadi 0.3 kwa kilo kwenye mshipa, au 0.5 kwa njia ya haja kubwa, ukiwa na ambu mkononi. Kinga kwa siku 7 za kwanza inafaa kwa jeraha kali. Fenitoini miligramu 20 kwa kilo ni 320 kwa mtoto wetu: mililita 6.4 za dawa ya 50 kwa mililita, ndani ya normal saline mililita 50, kwa dakika 20 hadi 30. Usiichanganye na dekstrosi, itaganda kama unga kwenye mrija. Usiikimbize kuliko miligramu 1 kwa kilo kwa dakika, kwani moyo unaweza kusimama. Kipimo cha mapigo kiwe kimewashwa muda wote. Levetirasetamu ikiwepo, ni rahisi zaidi kuisimamia. Kumbuka kuwa mtoto aliyelegezwa misuli anaweza kuwa na degedege usiloliona: mapigo na presha kupanda ghafla bila sababu, mboni kubadilikabadilika, vikufanye ulishuku.

Sodiamu ya damu isishuke chini ya 140. Ikishuka, maji yanaingia ubongoni.

Hatua ya 6: skeni na upasuaji

Mtulize kwanza, ndipo aende CT. Chumba cha skeni si mahali pa kurekebisha presha. Damu iliyokusanyika kati ya fuvu na utando wa ubongo, na inasukuma ubongo upande, haitibiwi kwa dawa, inatolewa. Manitoli hapo inanunua dakika za kumfikisha chumba cha upasuaji. Kama hospitali yako haina daktari wa upasuaji wa ubongo, piga simu ya rufaa wakati unaendelea na hatua ya kwanza na ya pili, usingoje majibu yote: MOI Dar es Salaam, Bugando Mwanza, KCMC Moshi, Mnazi Mmoja Unguja, Kenyatta Nairobi, Mulago Kampala, kutegemea ulipo.

Oksijeni ya safari ihesabiwe. Lita 10 kwa dakika kwa safari ya saa 3 ni lita 1,800. Beba mara mbili yake. Mpira wa kupumulia uwekwe na kuthibitishwa kabla ya kuondoka, na dozi mbili za dawa ya kushusha shinikizo ziwe zimeshavutwa kwenye mabomba ya sindano yenye lebo. Ndani ya ambulensi hakuna mwanga wa kusomea chupa.

Usichome sindano ya uti wa mgongo kwa mtoto huyu. Kutoa maji chini wakati shinikizo liko juu kunaweza kuuvuta ubongo kushuka kwenye tundu la fuvu.

Hatua ya 7: maji ya chumvi kali na manitoli

Kwa watoto tunaanza na chumvi 3%. Sababu ni moja ya wazi: inavuta maji kutoka ubongoni bila kumkojoza mtoto hadi presha ishuke. Dozi ni mililita 2 hadi 5 kwa kilo kwa dakika 10 hadi 20. Kwa kilo 16, mililita 5 kwa kilo ni 80. Mshipa mzuri wa mkononi unatosha kwa dozi hiyo, ila uuchunguze kwanza kwa maji ya kawaida. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza ngozi. Ikihitajika kuendelea, 0.1 hadi 1 mililita kwa kilo kwa saa, kwa kiwango cha chini kabisa kinachotosha. Sodiamu pima kila baada ya saa 4 hadi 6, isikae juu ya 160.

Kama 3% haipo lakini mna chumvi ya 10%: chukua mililita 23 za 10%, ongeza mililita 77 za normal saline, unapata mililita 100 zinazokaribia sana 3%. Watu wawili wahesabu, kila mmoja peke yake. Bandika lebo yenye jina, kiwango, saa na sahihi, na mabaki ya 10% yarudishwe yanakofungiwa. Chupa ya chumvi kali iliyoachwa kwenye trei ya dripu za kawaida imeshawahi kuua wagonjwa duniani kote, na itaendelea kama haifungiwi.

Manitoli 20% ina gramu 20 katika mililita 100. Dozi ni gramu 0.5 hadi 1 kwa kilo: kwa mtoto wetu gramu 8 hadi 16, yaani mililita 40 hadi 80, kwa dakika 15 hadi 20. Kabla ya kutundika, inua chupa kwenye mwanga. Ukiona vipande vinavyong'aa kama chembe za sukari, imeganda kwa baridi. Itumbukize kwenye maji ya moto, tikisa hadi chembe zote ziyeyuke, iache ipoe hadi joto la mwili. Tumia mrija wenye chujio. Mkojo utaongezeka sana. Fidia kwa normal saline presha isianguke. Usiitoe kwa mtoto mwenye presha ya chini au asiyekojoa, na usiirudie kila saa 6 kwa mazoea bila kuuliza kama bado anaihitaji.

Mboni ikipanuka mbele ya macho yako, au mikono ikajikunja au kujinyoosha kwa ukakamavu, mambo yafanyike kwa pamoja: oksijeni kamili, kichwa juu na sawa, ambu iharakishwe hadi pumzi 25 kwa dakika (30 kwa aliye chini ya mwaka), dozi kamili ya chumvi 3% au manitoli, na daktari wa upasuaji aitwe. Kuharakisha ambu ni kwa dakika chache tu. Mboni ikirudi, rudi kwenye 20.

Wenye kipimo cha shinikizo, na wasio nacho

Penye kipimo kilichowekwa ndani ya fuvu, tibu shinikizo likikaa 20 au zaidi kwa dakika 5. Kabla ya kutibu, kagua: kichwa kimekaa sawa? kamba? kabonidioksaidi? homa? maumivu? degedege? Na je, kipimo chenyewe kimewekwa sifuri usawa wa tundu la sikio? Mrija wa kutoa maji ya ubongo unaosoma kwa sentimita za maji usikuchanganye: 20 mmHg ni takriban sentimita 27. Mrija huo una faida maradufu, kwani unapima na pia unapunguza. Ila kitanda kikiinuliwa au kushushwa, lazima ufungwe kwanza, la sivyo maji humwagika kupita kiasi.

Ngazi za kupanda ni hizi: dawa ya usingizi na ya maumivu iongezwe, maji ya ubongo yatolewe kama kuna mrija, chumvi 3%, kisha kulegeza misuli. Midazolamu na morfini ziende polepole kwenye dripu. Dozi kubwa ya ghafla wakati wa kupanda kwa shinikizo huangusha presha, na hesabu ya kule mwanzoni inakukumbusha matokeo yake. Propofol, dawa nyingine ya usingizi, isiendeshwe kwa muda mrefu kwa watoto. Inaweza kuharibu moyo na misuli. Shinikizo likikataa kushuka, rudia CT, pengine damu mpya imekusanyika. Baada ya hapo ndipo yanapokuja mambo mazito: babitureti (dawa kali za usingizi), au kuondoa kipande cha fuvu ili ubongo upate nafasi. Hayo yafanyike penye timu kamili na presha inayopimwa ndani ya mshipa.

Wengi wetu hatuna kipimo hicho, na hilo si sababu ya kukata tamaa. Utafiti wa Bolivia na Ecuador uliochapishwa 2012, kwa wagonjwa wa miaka 13 na zaidi, ulilinganisha tiba inayoongozwa na kipimo na ile inayoongozwa na uchunguzi wa mara kwa mara pamoja na CT, matokeo hayakutofautiana. Watoto wadogo hawakuwemo, kwa hiyo tusiuvute kupita mipaka yake, lakini njia yake tunaweza kuifuata. Chukulia shinikizo liko juu kama Glasgow ni 8 au chini na CT inaonyesha uvimbe, ubongo kusukumwa upande mmoja, au matundu ya maji yaliyobanwa. Mpe usingizi, kichwa juu, sodiamu 145 hadi 155 kwa chumvi 3%, CT ya marudio. Alama ya mwendo ikishuka kwa 1 au zaidi, au mboni ikibadilika, hesabu kwamba shinikizo limepanda na upande ngazi.

Steroidi zisitumike kushusha shinikizo la jeraha. Utafiti wa CRASH wa 2004, wenye wagonjwa watu wazima zaidi ya 10,000, ulisimamishwa kwa kuwa waliopewa steroidi walikufa zaidi. Bado utakuta deksamethasoni imeandikwa kwenye faili. Ifutwe, umweleze aliyeiandika kwa nini.

Hatua ya 8: kushuka ngazi

Chakula cha mrija kianze ndani ya saa 72, mapema zaidi kama tumbo ni salama. Mkojo ukizidi mililita 4 kwa kilo kwa saa na sodiamu inapanda, ubongo umeacha kutoa homoni ya kubana mkojo. Mkojo mwingi huku sodiamu inashuka ni upotevu wa chumvi. Tiba zake ni tofauti, kwa hiyo usibuni bila kupima.

Shinikizo likitulia chini ya 20 kwa saa 24, au mtoto asiye na kipimo akitulia kwa muda huo na CT ikaboreka, ondoa tiba moja moja, ya mwisho kuongezwa ikianza kutoka. Dawa ya kulegeza misuli itangulie, kisha chumvi 3% ipunguzwe polepole: sodiamu isishuke zaidi ya 10 kwa siku, la sivyo uvimbe unarudi. Dawa ya usingizi iwe ya mwisho. Akifumbua macho na kufuata amri, toa mpira akiwa anakohoa kwa nguvu. Kabla ya kumpa maji ya kwanza kwa mdomo, mkalishe wima, mpe kijiko kimoja, usikilize kama sauti inakuwa ya maji au anakohoa. Ikiwa hivyo, mrija wa tumboni ubaki na ujaribu tena kesho yake.